Wakili ni amana, lakini kesi ina mwenyewe

Yeyote aliyewahi kupita mbele ya mahakama asubuhi ya Jumatatu, iwe Singida mjini, Kiomboi au Manyoni, amewaona. Ni akina mama waliojitanda kanga, wameketi kivulini tangu mapema, kila mmoja na mfuko wa karatasi zilizokunjwa mara nne: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia, barua ya mtendaji wa kijiji. Ukimuuliza mmoja wao namba ya shauri lake, atakuambia inajulikana na shemeji. Ukimuuliza lini lilitajwa mara ya mwisho, atasema shemeji ndiye aliyekuja. Na hapo hapo hutokea mtu aliyechomekea shati, ana faili kwapani, akamwuliza kwa upole: "Mama, shida yako nini? Mimi ni mtu wa sheria." Haipiti nusu saa, fedha ya mbuzi aliyeuzwa mnadani au ya magunia mawili ya vitunguu imeshaingia mfukoni mwa mtu yule, bila risiti wala jina.

Ijumaa hii tumeona tulizungumze jambo hili kwa uwazi. Tunaamini kwamba haki za wajane na mayatima wetu hazipotei kwa sababu ya hukumu mbaya pekee. Zinapotea pia kabla ya hukumu, pale familia inapomkabidhi kesi mtu isiyemjua, kisha ikarudi nyumbani kulala. Wakili ni amana, na amana huchaguliwa mtu wa kuibeba. Lakini hata akipatikana aliye bora, kesi inabaki kuwa na mwenyewe.

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kwenda mahakamani ni upungufu wa imani, na kwamba kuweka wakili ni kununua uongo. Hilo si sahihi. Neno lenyewe, wakili, limetoka katika lugha ya Qur'ani, na mlango wa wakala ni mlango unaojulikana katika vitabu vya fiqhi. Wanavyuoni wamepokea kwamba Sayyidna Ali (r.a.) hakupenda kuhudhuria magomvi yeye mwenyewe; alimweka nduguye Aqil amwakilishe, na Aqil alipokuwa mtu mzima sana, akamweka Abdullahi bin Jaafar. Mtu wa elimu na ufasaha kama wake aliona inafaa kusemewa na mwingine. Sembuse mama wa Mkalama ambaye hajawahi kusimama mbele ya hakimu?

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mipaka. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 105, Mtume (s.a.w.) anakatazwa kuwa mtetezi wa wafanyao hiyana. Katika Surat Al-Baqarah, aya ya 188, tunakatazwa kulana mali zetu kwa batili na kuzifikisha kwa mahakimu ilhali tunajua. Na katika hadithi ya Ummu Salama, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba yeye ni binadamu, na huenda mmoja wa wagomvi akawa hodari wa kusema kuliko mwenziwe, akahukumiwa kupewa kisicho chake, basi ajue amekatiwa kipande cha moto. Kwa hiyo Muislamu hamtafuti wakili wa kuigeuza batili kuwa haki. Anamtafuta wa kuisema haki yake kwa lugha ambayo mahakama inaielewa.

Sasa wakili ni nani? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Si kila msomi wa sheria ni wakili. Mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria akaitwa mwanasheria, lakini hawi wakili mpaka amekubaliwa na Jaji Mkuu na jina lake likaandikwa katika Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Akishaandikwa, analazimika kuwa na cheti cha kufanyia kazi, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Aliyekuwa wakili mwaka juzi akashindwa kuhuisha cheti, au aliyesimamishwa kwa kosa la kinidhamu, leo hana ruhusa ya kukusemea. Sheria ya Mawakili inamkataza asiyestahili kufanya kazi hiyo. Ndio hao ambao wananchi wamewapa jina la mawakili vishoka.

Yuko pia msaidizi wa kisheria, na huyu asichanganywe na kishoka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua. Kazi yake ni kuelimisha, kuelekeza, kusaidia kusuluhisha na kumwonyesha mwananchi pa kwenda, naye hamtozi mtu fedha kwa msaada huo. Hasimami mahakamani kumwakilisha mtu kama wakili, lakini mama asiyejua aanzie wapi akimpata msaidizi mwaminifu amekwisha pata nusu ya njia. Tangu mwaka 2023 kumekuwako pia kampeni ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Rais Samia, ambayo imepita mikoani, Singida ikiwamo, na kuwasikiliza watu kijijini kwao. Anayeshindwa kumlipa wakili asijifungie ndani. Aende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake akaulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa.

Mawakili wengi wako katika miji mikubwa, na mkoa kama wetu hauna wa kuchagua kama Dar es Salaam au Arusha. Uchache huo ndio unaompa kishoka nafasi. Lakini kumhakiki wakili siku hizi si kazi ngumu. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambapo jina la wakili huonekana pamoja na hali yake, kama anaruhusiwa kufanya kazi au la. Kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kumtazamia mama yake kwa dakika chache. Asiye na simu hiyo aende kwa karani wa mahakama au aulize kupitia Chama cha Wanasheria Tanganyika, chama kilichoanzishwa kwa sheria tangu mwaka 1954. Wakili wa kweli haoni haya kuulizwa jina lake kamili na ofisi yake ilipo. Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha jibu.

Baada ya kumhakiki, pana mapatano. Surat Al-Baqarah, aya ya 282, inatuagiza kuandika madeni yetu na kuweka mashahidi. Iweje tuandike deni la gunia la alizeti, tuache kuandika mapatano ya kesi ya shamba zima? Iandikwe kazi ni ipi: ni kuandaa nyaraka tu, ni kusimama mpaka hukumu, au ni pamoja na rufaa. Yaandikwe malipo, awamu zake na gharama za safari. Idaiwe risiti kwa kila shilingi. Karatasi za asili zibaki nyumbani, wakili apewe nakala, na pale mahakama inapozihitaji zile za asili, zikabidhiwe kwa kuandikishana. Na kamwe mtu asimwahidi wakili fungu la mali ya mayatima, kwa kuwa mali hiyo si yake kuigawa.

Iko habari nyingine ambayo familia nyingi hazijaipata. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika Mahakama za Mwanzo, na ndiko mirathi zetu nyingi zinakoanzia. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamewaruhusu kuingia, pale ambapo mahakama hiyo inaongozwa na hakimu mkazi. Na asiye na uwezo wa wakili asisahau kwamba sheria ile ile ya Mahakama za Mahakimu inairuhusu Mahakama ya Mwanzo kukubali ndugu au mtu wa nyumbani amsemee mhusika, akiomba. Mtoto wa kike aliyemaliza shule anaweza kumsemea mama yake. Si lazima awe shemeji.

Tuchukue mfano. Baba mmoja wa Ikungi amefariki. Baada ya mazishi, madeni na wasia, amebakiza ng'ombe 32. Ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Hesabu ya kisheria haina utata. Mke ana thumni, yaani ng'ombe wanne. Wanabaki 28, na mwanamume anapata mafungu mawili kwa kila fungu moja la mwanamke. Kijana anachukua 14, na kila binti saba. Mtoto wa madrasa anaweza kuipiga hesabu hiyo ubaoni. Kwa nini basi, baada ya miaka miwili, unamkuta mjane yule ana ng'ombe mmoja, na mabinti hawana hata ndama? Hesabu haikukosewa. Amm yao aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akauza kumi "kwa ajili ya gharama", akahamisha wengine, na hakuna aliyemwuliza.

Sheria imeweka la kumwuliza. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, apeleke mahakamani taarifa ya kweli na kamili ya mali na madeni yote, kwa Fomu Na. 5 na Na. 6. Mahakama ikiona inafaa inaweza kumwongezea muda, lakini lazima auombe. Msimamizi si mrithi wa mali yote, wala si baba mpya wa nyumba. Ni mkusanyaji, mlipaji wa madeni na mgawaji. Mrithi yeyote ana haki ya kwenda mahakamani kuuliza kama fomu hizo zimeletwa, kuzisoma, na kupinga kilichofichwa. Vile vile shauri la mirathi hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu alipofariki. Ukisikia mirathi ya mtu wa Iramba imefunguliwa kimya kimya katika mji wa mbali, ujue pana jambo, na uwahi kuweka pingamizi.

Tumesema kuwahi, na neno hilo lina uzito. Katika Rufaa ya Madai Na. 71 ya mwaka 2012, iliyotoka Tanga na iliyohusu mirathi ya familia ya Kiislamu, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba msimamizi aliyekwisha maliza kazi yake na kuwasilisha orodha na hesabu mahakamani, hakuna tena usimamizi wa kutenguliwa. Kwa lugha ya nyumbani, huwezi kumvua kofia mtu ambaye ameshaivua mwenyewe akaondoka. Waliokuwa na malalamiko walipaswa kuyaleta wakati usimamizi ungali hai. Mtu anayefuatilia kesi za wenzake angelijua hilo mapema. Asiyefuatilia hulijua siku mlango unapofungwa.

Ndiyo maana tunasema kufuatilia kesi zilizoamuliwa si kazi ya mawakili pekee. Lakini zifuatiliwe mpaka mwisho, si kwa kusikia nusu. Mfano ni shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Walikuwa wanandoa Waislamu waliofunga ndoa mwaka 1971. Katika shauri hilo, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, Mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Tamko hilo linatajwa mpaka leo, na linastahili kutajwa. Ila wanaolitaja ni nadra kusema kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo aliouomba, kwa kuwa Mahakama iliona mwenendo wake, pamoja na kutapanya fedha alizopewa na mumewe, umeufuta mchango ule. Na katika Rufaa ya Madai Na. 102 ya mwaka 2018, iliyoamuliwa mwaka 2020, Mahakama hiyo hiyo ilikumbusha kwamba ukubwa wa mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi. Mke aliyesikia nusu ya kwanza huingia mahakamani mikono mitupu. Aliyesoma yote huanza kutunza risiti za mabati na kuwakumbuka mashahidi waliomwona akichunga, akipalilia na kuuza.

Liko shauri jingine ambalo kila familia ya Kiislamu ingefaa kulijua. Mwaka 1969, katika mirathi ya marehemu Innocent Mbilinyi, Jaji Mkuu Georges alitazama namna marehemu alivyoishi ili kuamua ni sheria ipi itawale mali yake, badala ya kulitazama kabila lake peke yake. Kipimo hicho kinatumika hata sasa. Maana yake ni nzito kwetu. Kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamweka binti katika daraja la mwisho la warithi, na mjane hategemei fungu lake, bali hulelewa na wanawe. Sheria ya Kiislamu imempa mjane thumni au robo yake, na binti fungu lake, bila kumwomba mtu. Lakini mahakama haiwezi kuuona moyo. Mtu aliyeishi bila cheti cha ndoa ya Kiislamu, bila wasia na bila karatasi yoyote inayomshuhudia, anawaachia watoto wake ugomvi wa kuthibitisha kwamba baba yao alikuwa nani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa ajili hiyo wasia ulioandikwa ukashuhudiwa ni wema kwa warithi, maadamu haukuvuka thuluthi wala haukumwongezea mrithi fungu ambalo wenzake hawakuliridhia. Na masheikh wetu waendelee kupanga mafungu kama walivyofanya siku zote, ila waambie familia ukweli: upande wa Bara, karatasi ya sheikh peke yake haiifungui akaunti ya benki ya marehemu. Benki hutaka barua ya usimamizi kutoka mahakamani.

Katika ardhi nako kumebadilika. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Anayekuja kwako leo na karatasi ya kata akidai ameshinda shamba, itazame tarehe kwanza. Usuluhishi ukishindikana, mgogoro huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na ikiwa hukumu imetoka na haikuridhisha, ziko siku za kuhesabu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30, na zinahesabiwa tangu siku ya uamuzi. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Wako wanaokaa nyumbani mwezi mzima wakidhani siku hazianzi mpaka wapate nakala ya hukumu, wakaja kuambiwa wamechelewa. Watu wa Singida wanajua uchungu wa jambo hili, maana kwa miaka mingi rufaa zao za Mahakama Kuu zilisikilizwa katika masjala ya Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 200. Aliyekosa nauli alikosa na rufaa.

Basi tunashauri nini? Kila nyumba yenye shauri iwe na daftari moja. Ndani yake iandikwe namba ya shauri, jina la mahakama, jina la wakili, tarehe iliyopita, tarehe ijayo, na kilichosemwa. Mwenye kesi ahudhurie, hata kama ana wakili. Wakili asipotokea mara mbili bila taarifa, aulizwe kwa maandishi. Akifanya hiyana, iko Kamati ya Mawakili inayosikiliza malalamiko ya kinidhamu, na si dhambi kumshitaki mla amana.

Misikiti nayo ina nafasi. Maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huchapishwa bure katika mtandao wa TanzLII. Mengi ya zamani yako kwa Kiingereza, ingawa sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Vijana wetu waliosoma wasiishie kusoma matokeo ya mpira. Mara moja kwa mwezi, baada ya swala ya Ijumaa au katika darsa la akina mama, wachague hukumu moja ya mirathi au ya ndoa, waieleze kwa lugha nyepesi mpaka mwisho wake. Akialikwa wakili mmoja mwenye cheti hai kujibu maswali kwa saa moja, mama aliyeketi pale kivulini atakuwa amekwisha mfahamu kabla ya kukutana na yule wa faili kwapani.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 10, tumeonywa kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma hakika wanakula moto matumboni mwao. Onyo hilo ni la amm aliyeuza ng'ombe kumi, na ni la kishoka aliyechukua fedha ya mbuzi. Lakini na sisi tuliokuwa majirani, tuliojua kusoma na tukanyamaza, tujiulize tutajibu nini. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mawakili wetu uaminifu, mahakimu wetu uadilifu, na familia zetu macho ya kutazama mambo yao wenyewe. Amin.